Watu wa Siku Moja: Mwongozo kwa Mwimbaji Anayeajiri Wasaidizi wa Muda

Mwimbaji wa pwani yetu katika zama zilizopita hakuuhitaji mwongozo wa namna hii, kwa kuwa alilelewa kisanaa ndani ya chama. Nadi Ikhwan Safaa, iliyoasisiwa Unguja mwaka 1905, na vyama vilivyofuata nyayo zake, vilikuwa na wapiga udi, fidla na kanuni wao wenyewe, watunzi wao, mshika hazina wao, na hata watu wa kupanga viti na kupokea wageni mlangoni. Kila mmoja alikuwa mwanachama, na aliyekuja kupiga hakuuliza ujira bali aliuliza zamu. Leo mwimbaji aghalabu husimama peke yake. Jina lake ndilo lililoandikwa katika tangazo, na nyuma ya jina hilo hapana chama wala hazina, ila watu wanaokuja kwa kazi maalumu na kuondoka kazi ikiisha: mpigaji wa kukodi, fundi mitambo, mtayarishaji wa studio, mpigapicha, mpeleka habari, dalali wa maonyesho, msimamizi wa safari, wakili. Hao ndio ninaokusudia kuwazungumza, na wewe ninayekuandikia ni mwimbaji wa taarabu au wa dansi, wa Unguja, Tanga, Dar es Salaam, Mombasa au Lamu, ambaye umeanza kuitwa na watu lakini hujapata uwezo wa kumweka mtu yeyote kwa mshahara wa mwezi.

Rai yangu katika jambo hili ni moja, na yote yatakayofuata yanatokana nayo. Mtu wa muda hukaa nawe kitambo kidogo, bali alichokifanya hukaa nawe umri wako wote, na pengine umri wa wanao baada yako. Sauti aliyoirekodi kwa saa tatu itapigwa redioni wewe ukiwa mzee, na saini aliyokushauri uitie katika karatasi itasomwa na watu usiowajua. Kwa hiyo, kabla hujamuuliza mtu bei yake, jiulize kwanza: akishaondoka kitabaki nini, na kitabaki mikononi mwa nani? Jibu la swali hilo liandikwe kabla kazi haijaanza, maadamu nyote wawili mngali na furaha ya kukutana. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999, na ile ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, zote mbili zilimwekea mtunzi haki yake kwa maisha yake na kwa miaka 50 baada ya kufa kwake, na huo ni muda mrefu mno kuuachia kumbukumbu za watu. Wimbo wa Malaika, aliourekodi Fadhili William kule Nairobi na ambao baadaye uliimbwa na Miriam Makeba na Boney M., umezunguka dunia nzima, na hata hivyo ni nani hasa aliyeutunga ni mas'ala ambayo wazee wa muziki wamebishana juu yake kwa miongo mingi pasi na kuafikiana.

Karatasi ninayoisema si ya kutisha. Ukurasa mmoja wa Kiswahili fasaha, wenye majina, siku, kazi itakayofanywa, ujira, arubuni iliyokwisha kutolewa, na yale yatakayobaki, unatosha kwa kazi nyingi. Na pale ambapo hata ukurasa huo haukuwezekana, basi mtumie mwenzako ujumbe wa simu ukiyataja hayo yote, naye ajibu kwamba ameridhia, na ujumbe huo usiufute.

Tuanze na mpigaji wa kukodi, yule ambaye vijana wa Dar es Salaam humwita deiwaka. Mtu huyu si mgeni katika muziki wetu. Katika miaka ya 1960 studio ya Equator Sound ya Nairobi ilikuwa na kundi lake la wapigaji, miongoni mwao Daudi Kabaka, Nashil Pichen, Peter Tsotsi na Fadhili William huyo huyo, watu ambao wenyewe walikuwa waimbaji wenye sifa na ambao leo waliimba na kesho waliwapigia wenzao. Kabla yao Siti binti Saad alikuwa amekwenda Bombay, mwaka 1928, kutia sauti yake katika sahani za santuri, na alikwenda na wapigaji wake waliomzoea, ambao walijua atavuta pumzi wapi na atarudia ubeti gani watu wakishangilia. Tofauti ya hali hizo mbili ndiyo ghali zaidi utakayoinunua: mwenzako wa kila siku anakujua, ilhali deiwaka anaujua muziki lakini wewe hakujui, na mazoezi ni kazi ya kumfanya akujue.

Kwa sababu hiyo mazoezi yalipwe, na yalipwe peke yake, mbali na ujira wa onyesho, maana mpigaji aliyeitwa mazoezini bure huja amechelewa na huondoka mapema, wala huna haki ya kumlaumu. Mpelekee nyimbo katika simu yake wiki moja kabla, zikiwa katika ufunguo utakaouimba wewe na si ule wa sahani ya zamani. Mwambie ni nani atakayemlipia nauli na chakula, na kama onyesho litakwisha usiku wa manane, atarudije kwake. Ukichagua baina ya fundi anayeng'ara na fundi anayesikiliza, mchukue anayesikiliza. Anayeng'ara atakupamba katika wimbo mmoja na kukuzimisha katika minne.

Mpiga kanuni ataka uangalifu wa pekee. Kanuni aghalabu huwa na nyuzi 78, zilizopangwa tatu tatu kwa kila sauti, na kila tatu hizo hazina budi kukubaliana kabisa. Joto la taa za jukwaani na umande wa bahari huzilegeza au kuzikaza wakati wowote, basi mtu huyu asiitwe pamoja na wewe bali aitwe saa nzima kabla, apewe pembe yenye utulivu, na mtu yeyote asijaribu ngoma karibu naye. Nimewaona waandalizi wakimharakisha mpiga kanuni kwa sababu hotuba ya mgeni rasmi imekaribia, na sijaona faida iliyopatikana.

Liko jambo jingine ambalo vitabu vya wageni havilitaji, nalo ni tuzo. Katika taarabu, hususan ile ya harusini, wapenzi huinuka wakacheza hadi mbele ya mwimbaji na kumtunza kwa noti, na katika usiku mwema fedha hizo zaweza kushinda ujira wote uliopatana na mwenye shughuli. Chama kilikuwa na desturi yake ya kuzitia hazinani. Wewe huna chama, na wapigaji uliowakodi wanaziona noti zikidondoka miguuni pako huku wao wakikumbuka nauli yao. Sema mapema. Ama tuzo zote ni zako, na kwa hiyo ujira wao uwe mkubwa kidogo, ama wana fungu lao linalojulikana, litakalohesabiwa mbele yao usiku huo huo. Mimi napendelea hili la pili, kwa kuwa mpigaji mwenye fungu hupiga kwa raghba na hamwachi mtunzaji akarejea kitini upesi. Lililo baya ni kunyamaza, kisha kumgawia mmoja kwa siri kwa kuwa ni jirani yako.

Na kama kupiga kwake kutarekodiwa, kumbuka kwamba mpigaji naye ana haki yake. Sheria yenyewe ya Tanzania imeitwa ya hakishiriki, na Kenya kiko chama cha PRISK kilichowekwa kwa ajili ya haki za waimbaji na wapigaji. Haki ya mtu huyu katika upigaji wake haiondoki kwa kumpa chai na maandazi. Aandike kwamba ameridhia upigaji wake utolewe katika sahani, redioni, katika televisheni na katika intaneti, na itajwe dhahiri kama ana fungu katika mapato ya baadaye au amemalizana nawe kwa ujira aliopewa. Nyote wawili mwaweza kuchagua lolote katika hayo. Lakini iwapo mpiga fidla amekaa nawe, akaubuni mwanzo wa wimbo ambao watu watautambua kabla hujafungua kinywa, basi huyo hakupiga tu, ametunga, na insafu yataka jina lake liandikwe pamoja na lako.

Sasa nije kwa fundi mitambo, ambaye katika watu wote hawa ndiye waimbaji humbania senti, nami naona ndiye wa kwanza kustahiki fedha zako. Hadhira haikusikii wewe, inamsikia yeye. Ukumbi au mwenye kukodisha vyombo atakuambia kwamba fundi yupo, na ni kweli yupo, ila kazi yake ni kuvilinda vyombo vya tajiri wake visiungue, si kuilinda sauti yako. Kwa hiyo ukiwa na onyesho linalokuhusu sana, mlipe fundi wako mwenyewe japo kwa usiku mmoja, aende akakae ubavuni mwa yule wa ukumbi, amheshimu na amwelekeze.

Fundi huyu umpe vitu viwili siku kadhaa mbele. Cha kwanza ni ramani ya jukwaa, iliyochorwa kwa kalamu tu, ionyeshe kila mtu atakaa wapi na atahitaji umeme wapi. Cha pili ni orodha ya kila kinachotaka maikrofoni. Piga hesabu hii ya kundi la wastani la taarabu: udi mmoja, kanuni moja, fidla tatu, akodiani, besi, dumbaki, rika, waitikiaji wanne na mwimbaji. Hizo ni njia 14, na mikisa nyingi za kukodi katika kumbi ndogo zina njia 12. Asiyepiga hesabu hiyo nyumbani huipiga jukwaani watu wakimtazama, na matokeo yake ni fidla mbili kunyimwa sauti bila ya mtu kuamua hivyo. Aliyeipiga mapema atawaweka waitikiaji wawili wawili kwa maikrofoni moja, njia zitoshe 12, na atatambua pia kwamba hakubakiwa na hata moja ya akiba, kwa hiyo ataulizia mikisa kubwa zaidi kabla hujatoa arubuni.

Ala za taarabu zina tabia ambayo fundi aliyezoea magitaa ya umeme na kinanda huenda asiijue. Udi una tumbo tupu, na tumbo hilo hupokea sauti nzito zinazotoka katika spika, likavuma nazo, na maikrofoni ikauchukua mvumo huo na kuurudisha tena katika spika, mpaka ukumbi mzima ukajaa mlio usiovumilika. Basi unapomhoji fundi kabla ya kumwajiri, muulize atafanya nini udi ukianza kuvuma. Akikujibu kwamba ataupunguza sauti, na akaishia hapo, mshukuru na umtafute mwingine, kwa kuwa udi uliopunguzwa ni udi usiosikika. Akikuambia kwamba ataigeuza spika ya kujisikilizia isimkabili mpiga udi, atasogeza maikrofoni karibu na nyuzi, na ataikata ile sauti nzito moja inayovuma huku akiziacha nyingine, huyo ameshawahi kukaa na taarabu. Muulize pia kuhusu mahali. Ngome Kongwe ya Unguja haina paa, sauti hupanda juu ikapotea na upepo ukaichukua. Ukumbi wa saruji ulio mtupu saa kumi jioni hurudisha mwangwi ambao hautakuwapo saa tatu usiku utakapojaa watu, kwa kuwa miili na nguo hunywa sauti. Fundi mwenye maarifa hujaribu vyombo mchana na kuacha nafasi ya kubadilisha usiku.

Wakati wa kujaribu vyombo uwekwe katika mapatano na mwenye shughuli, usipungue saa mbili kabla milango haijafunguliwa, na umeme uulizwe siku hiyo hiyo ya mapatano. Jenereta ni ya nani, mafuta ni ya nani, na je, friji za vinywaji na taa za mapambo zimefungwa katika waya ule ule wa mitambo? Katika harusi zetu swali hili la mwisho halina adabu sana, lakini liulize.

Mtayarishaji wa studio nitamzungumza kwa upande mmoja tu, ule wa umiliki, kwa sababu uzuri wa kazi yake utausikia mwenyewe. Zamani bendi za Tanzania zilirekodi nyimbo zao Radio Tanzania Dar es Salaam, kwa kuwa studio nyingine za kufaa zilikuwa haba, na kanda zikabaki katika maktaba ya redio. Mwanamuziki alipata umaarufu, na chumba cha redio kikapata urithi. Katika miaka ya 1990 zikainuka studio za watu binafsi kama MJ Records na Bongo Records, na hapo ndipo ilipoenea desturi tunayoiishi leo, kwamba mtu mmoja katika chumba kimoja huitengeneza biti, huirekodi sauti, huzichanganya, na huukabidhi wimbo umekwisha. Desturi hiyo ni nyepesi na ya haraka, lakini imezichanganya kazi ambazo sheria imezitenga. Aliyeitunga biti ni mtunzi wa muziki. Aliyegharimia kurekodi ana haki katika rekodi. Aliyebonyeza vitufe kwa ujira ni fundi aliyelipwa. Mtu mmoja anaweza kuwa yote matatu, au moja tu, na ni wewe na yeye mtakaoamua, kwa asilimia zilizoandikwa, kabla hujaingia katika kile chumba cha kuimbia.

Mwisho wa kazi ya studio usipokee wimbo mmoja katika simu ukaenda zako ukicheka. Dai upewe kila sauti peke yake, fidla zake, besi yake, sauti yako bila ya kitu, katika ubora ule ule uliorekodiwa na si ule uliobanwa kwa ajili ya simu. Dai wimbo uliokamilika, na dai pia wimbo huo bila ya sauti yako, utakaouhitaji siku televisheni itakapokuita uimbe pasipo bendi. Uliza ni nani atakayeuombea ile namba ya utambulisho wa rekodi iitwayo ISRC, yenye tarakimu na herufi 12, ambayo redio na maduka ya muziki ya intaneti huitumia kuitambua rekodi, na hakikisha kwamba jina la mwenye rekodi lililoandikwa hapo ndilo mlilopatana. Kisha uende ukausajili wimbo katika ofisi ya hakimiliki: COSOTA kwa Tanzania Bara, COSOZA kwa Zanzibar, KECOBO kwa Kenya. Ile kazi ya mwisho ya kuusawazisha wimbo ili upigike vyema katika kila spika, mpe mtu mwingine asiyekuwapo siku ya kurekodi; masikio yaliyousikia wimbo mara mia yamekwisha kuyazoea makosa yake.

Mpigapicha hana maneno mengi. Picha ni kazi yake ya sanaa kama wimbo ulivyo wako, na kumlipa kwa kupiga si lazima kuwe ni kumlipa kwa matumizi yote. Andikeni kama unaruhusiwa kuzitia katika mabango, katika sahani na kuwapa magazeti, na jina lake litajwe. Kadhalika mwongozaji wa video, ila kwa huyu ongeza kwamba upewe picha zote zilizopigwa na si zile tu zilizochaguliwa.

Mpeleka habari ni mtu ambaye waimbaji chipukizi humkimbilia mapema mno. Kazi yake ni kuwafikia waandishi na watangazaji anaofahamiana nao na kuwashawishi wakusikilize, na kazi hiyo haina maana mpaka uwe na kitu cha kusikilizwa: wimbo uliokamilika, picha nzuri, wasifu wa nusu ukurasa usio na majigambo, na tarehe ya onyesho au ya kutoa wimbo. Ukimwajiri wakati bado unatafuta studio, utamlipa kwa kungoja. Wiki sita hadi nane kabla ya tarehe hiyo, na wiki mbili baada yake, ndio wakaa wa kumwajiri, na katika mapatano usimlazimishe akuahidi matokeo, maana mwenye kuahidi kwamba wimbo utapigwa mara kadha kwa siku ama anakudanganya, ama ana nia ya kumpa mtangazaji mlungula kwa fedha zako. Mdai kitu kingine, ambacho kiko katika uwezo wake: orodha ya kila aliyemwandikia, siku aliyomwandikia, na jawabu alilopewa, hata likiwa ni la kukataa. Orodha hiyo ibaki kwako, kwa kuwa mwakani utakuwa na wimbo mwingine na huenda mpeleka habari akawa mwingine.

Dalali wa maonyesho hupewa fungu, na desturi katika nchi nyingi ni baina ya asilimia 10 na 20 ya ujira aliokutafutia. Fungu lenyewe halina ubaya. Kinachoharibu ni kutojulikana limekatwa katika nini, basi sharti uione barua ya mwenye shughuli yenye hesabu kamili, na fungu likatwe katika ujira wako tu, si katika nauli za wapigaji wala posho zao. Arubuni ya nusu ije kwako kabla hujafungasha ala, na nusu ya pili kabla hujapanda jukwaani; baada ya kushuka, mwenye shughuli huwa na wageni wengi wa kuwaaga. Ukiambiwa utalipwa kwa mapato ya mlangoni, mweke mtu wako mlangoni mwenye kitabu cha tiketi, na mtu huyo asiwe yule anayeomba kuingiza marafiki.

Na ikiwa umejaaliwa kuitwa ng'ambo, kama wanavyoitwa wengi baada ya kuonekana na waandalizi wageni katika tamasha la Sauti za Busara linalofanywa Unguja tangu mwaka 2004, basi mwajiri msimamizi wa safari, na umwajiri si siku ya kuondoka bali miezi mitatu au minne kabla. Watu hudhani kwamba huyu ni mbeba mikoba wa heshima. Kazi yake kubwa huisha kabla ndege haijaruka: pasipoti za kundi zima zisizokwisha muda, barua ya mwaliko yenye jina la kila mpigaji likiandikwa sawasawa na lilivyo katika pasipoti, maombi ya viza, ambayo kwa nchi za Schengen huweza kupelekwa miezi sita mbele na yasipelekwe chini ya siku 15 kabla ya safari, na alama za vidole ambazo kila mtu hana budi kwenda kuzitoa yeye mwenyewe. Viza hiyo ya muda mfupi haikuruhusu kukaa zaidi ya siku 90 katika kila siku 180, na mwimbaji aliyekubali maonyesho ya majira mawili ya mwaka bila ya kuzihesabu siku hizo hujikuta mpakani na tiketi mkononi.

Ala nazo zina safari yake. Udi usafiri katika sanduku gumu, nyuzi zikiwa zimelegezwa, na shirika la ndege liulizwe kwa maandishi kama utaingia nao ndani. Msimamizi abebe nyuzi za akiba za kanuni na fidla, maana katika mji mdogo wa Ujerumani siku ya Jumapili hutazipata. Aulize pia, wewe ukiwa bado unahesabu faida, kama ujira uliotajwa katika barua ni kabla au baada ya kodi. Nchi nyingi humkata msanii mgeni kodi papo hapo, na Ujerumani kwa mfano kiwango cha kawaida ni asilimia 15 ya ujira, na tofauti ya kabla na baada yaweza kuwa ndiyo posho ya kundi zima. Posho hiyo igawiwe asubuhi ya kila siku na kila mtu atie saini. Na msimamizi apewe amri yako mbele ya wapigaji wote: akisema basi linaondoka saa mbili, ni wewe uliyesema.

Wakili huajiriwa kwa saa, na waimbaji wengi humwona baada ya saini badala ya kabla yake, wakati ambapo saa moja imekwisha kugeuka mwaka. Akusomee mkataba wowote unaozidi onyesho moja, na hasa atafute mambo manne: muda wake ni miaka mingapi na unakwisha vipi, ni kwa nchi zipi, je, unatoa ruhusa tu au unaihamisha haki yenyewe, na kama yupo mtu aliyepewa uwezo wa kuurefusha pasi na kukuuliza. Maneno kama "milele" na "ulimwengu mzima" si haramu, ila yana bei, na bei hiyo haijawahi kuwa sawa na gharama ya kurekodi nyimbo mbili. Wakili huyo asiwe ameletwa na yule anayetaka utie saini, hata akiwa mtu mwema na ameahidi kutokulipisha. Mhasibu umwone mara moja kwa mwaka, na umpelekee risiti, si hadithi.

Kazi yoyote katika hizi ikiisha, usimwachie mwenzako aondoke hivi hivi. Mlipe kilichobaki siku hiyo, akuandikie risiti, akukabidhi vilivyoandikwa katika karatasi yenu, nawe uvifungue mbele yake uone kama vinafunguka. Nakala za rekodi ziwe katika diski mbili, moja nyumbani kwako na ya pili nyumba nyingine kabisa, kwa ndugu asiyependa kuazimisha vitu. Nazo ziwashwe na kusikilizwa angalau mara moja kwa mwaka, kwa kuwa hewa ya chumvi ya mwambao wetu haivipi vyombo vya umeme umri mrefu.